Wanawake Wanne Walinyamaza Kwenye Kilio

Kwetu huku, mutu akifa, kaburi haifunikwe bila kuuliza neno moja. Mukubwa wa familia anasimama kando ya udongo, anakohoa, anasema: "Kama kuko mutu anayemudai huyu ndugu yetu, aseme sasa. Na kama kuko mwenye deni yake, aseme pia." Watu wanangoja kidogo. Mwenye kusema anasema, familia inasikia, wanapanga namna ya kulipa mbele ya kugawa vitu vya marehemu. Mwenye kunyamaza, deni yake imeingia ndani ya shimo pamoja na sanduku. Kesho yake asikuje kugonga mulango wa watoto wa marehemu. Akikuja, watamuuliza siku ile alikuwa wapi.

Niliona mengi kwenye hiyo desturi. Nikiwa kijana tulizika muzee mumoja wa mulima yetu, mutu wa kupenda kuvaa vizuri. Wakauliza lile neno. Jirani yake akanyosha mukono.

"Mimi simudai feza. Lakini viatu alivyovaa humo ndani ni vyangu."

Mujane akasema, "Papa, si uliviazimisha kwa ndoa ya mupwa wake?"

"Njo hiyo, mama. Ndoa ilipita, na watoto wa ile ndoa wanaenda masomo."

Tulicheka mpaka pasta naye akageuka kuangalia migomba. Sanduku hawakufungua. Yule jirani walimupa kuku, akaenda nayo chini ya kwapa, na maneno ikaisha. Iliisha kabisa. Mimi nilipenda ile desturi kwa sababu hiyo. Mutu anarudi kwake na roho nyepesi, na wale wa marehemu wanalala wakijua hakuna mutu atawafuata.

Lakini ile ninayotaka kusema haikuisha vile.

Sisi tunakaa karibu na Kashebere, pale Masisi inaisha na Walikale inaanza. Nyuma yetu kuko milima ya maharagi na ng'ombe, mbele yetu kuko pori na mawese. Kwa hiyo mutu wa kwetu, hata kama hakusoma, biashara anaijua: unatelemusha maharagi, unapandisha mafuta. Bibi yangu, mama ya watoto wangu, aliifanya ile kazi tangu siku za kuolewa kwake. Alikuwaka anabeba maharagi mugongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, na mutoto kifuani, na bado anaimba. Mimi nilikuwa nalima na kushona vikapu. Vikapu nilifunzwa na mukwe wangu, mutu mukali kupita kiasi. Siku moja alinichapa na ufito wa kikapu nilichoharibu, na binti yake nilikuwa nimekwisha kumuoa. Nilimuambia bibi yangu, "Baba yako amenichapa." Akasema, "Kikapu kilikuwa kibaya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi."

Alikuwa mutu wa namna hiyo. Njo maana, wakati koperative ya mikopo ilifungua ofisi kule senta na kusema haipatie mutu mumoja feza, inapatia wanawake watano wenye kujuana, wenzake walimuchagua yeye kuwa prezidenti bila kuuliza mara mbili. Neno la ofisi lilikuwa hili: mumoja akishindwa kulipa, wengine wanamulipia. Wanawake wakacheka. Wakasema ile si kitu kipya, likirimba yetu ya kila wiki, mumoja anakula feza ya wote na kesho inageuka zamu ya mwingine, inatembea namna moja. Ofisi ikaongeza kitu kimoja tu. Prezidenti alete garanti, kitu ambacho watakamata deni isipolipwa.

Tulipeleka shamba.

Ile shamba ilikuwa kwenye muteremuko, chini kidogo ya kijito. Baba yangu aliipata kwa mwami, chifu wetu, wakati wa ujana wake, kwa mbuzi na pombe ya ndizi, na baba alikuwa anapenda kusema ile pombe ilikuwa nzuri kuliko shamba. Alisema kweli. Ilikuwa mawe na majani makali tu. Bibi yangu njo aliitengeneza. Alitoa mawe mukono kwa mukono, akayapanga mistari mistari ili mvua isitelemushe udongo, akapanda maharagi juu na mateke, yale magimbi, chini kwenye maji maji. Kwa karatasi shamba ilikuwa yangu. Lakini mutu akipita na kuuliza hii ni ya nani, hata watoto walikuwa wanataja yeye.

Kati ya wale watano kulikuwa mujane mumoja, jirani yetu, rafiki yake wa karibu sana. Alikuwa anapeleka samaki ya chumvi na sabuni Omate, kule wanakochimba mawe ya feza, na alipokuwa anarudi tulisikia kicheko chake kabla ya kumuona. Bwana yake alikwisha kufa zamani, akamuachia watoto, mukubwa ni binti. Alifika kwetu kila jioni kuomba moto wa kuwasha jiko lake, hata kama kiberiti alikuwa nacho. Ilikuwa sababu ya kukaa na bibi yangu kusema watu. Mimi nilikuwa najifanya kusinzia, na nilisikia mambo ambayo mpaka leo siwezi kuandika.

Homa ilimushika wakati wa mvua mingi. Barabara ilikuwa matope tupu, moto, zile pikipiki, hazipite. Vijana walimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea hospitali, wakarudi naye wamemufunika uso kwa kikwembe. Hata nusu ya njia hawakufika.

Kwenye kilio nilikaa upande wa wanaume. Kaka mukubwa ya bwana ya marehemu, yule watoto waliita baba mukubwa, yeye njo alikuwa mukubwa wa familia pale, akasimama kando ya udongo na kuuliza lile neno. Nilimuangalia bibi yangu. Wenzake watatu walikuwa karibu naye, na wote walikuwa wanajua: marehemu alikuwa na kredi ambayo alikuwa ameanza kulipa kidogo tu. Bibi yangu akafunga kikwembe chake vizuri. Akaanza kusimama.

Binti ya marehemu alikuwa chini kabisa, kwenye udongo ule mupya, mudogo wake wa mwisho amelala kwenye mapaja. Aliinua kichwa na kumuangalia bibi yangu. Alimuangalia sana. Macho haikugeuka.

Bibi yangu akakaa tena. Wale watatu, walipoona prezidenti amekaa, nao wakakaza midomo. Mukubwa akauliza mara ya pili. Mutu mumoja akasema marehemu alikuwa na sufuria yake, wakamujibu ataipata. Kisha wakamwaga udongo.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, "Kwa nini hukusema?"

"Ungeliona macho ya yule mutoto."

"Niliona. Lakini deni?"

"Muzee, nianze kutaja kredi mbele ya watoto waliokaa kwenye udongo wa mama yao? Wachukue nini? Sufuria ya mwisho? Tuko wane. Tutagawana. Deni ya mutu mumoja kwa watu wane ni kama chumvi ya mboga."

Na kusema kweli nilijisikia vizuri. Nilisema ndani ya roho, nimeoa mutu.

Haikupita musimu moja, bunduki zikaanza tena kulia upande wa juu. Wote munajua namna inakuwaka, sitaeleza. Tulilala porini, tukarudi, tukakuta mlango umevunjwa na maharagi ya biashara yamebebwa. Wale wenzake watatu hawakurudi. Mumoja alipanda moto kwenda Pinga kwa kaka yake. Wawili waliingia kambini karibu na Goma na watoto wao. Kikundi cha watu watano kikabaki mutu mumoja, na yule mutu alikuwa bibi yangu.

Ajenti wa kredi alifika barabara ilipofunguka. Kijana mwembamba, buti zimejaa matope, amebeba kaske yake, ile kofia ngumu ya moto, kama mutu aliyebeba yai. Alitoa pole kwanza, kwa adabu, bibi yangu akamupa maji. Kisha akatoa telefone.

"Mama prezidenti, kikundi chako kiko nyekundu."

Bibi yangu akainama kuangalia kioo. "Hii rangi ni sisi?"

"Njo nyinyi, mama."

"Sisi wote ao yule aliyekufa?"

"Mashine haijue kama mutu amekufa. Inajua kama kikundi kimelipa ao hakijalipa."

"Mwanangu, wale walio wazima nitalipa sehemu yao, nitawafuata nikiwapata. Lakini ya marehemu tuliinyamazia kwenye kilio. Ilizikwa."

Kijana hakucheka. Alikuwa mutoto wa huku huku, mama yake anauza sombe, majani ya mihogo, kwenye soko tunayoijua. Akasema, "Mama, naelewa. Lakini nikiwaambia ofisini deni ilizikwa, wataniuliza kaburi ilinipatia risiti?"

"Wewe ungewaambiaje?"

"Ningenyamaza, mama. Na mushahara wangu ungenyamaza pamoja na mimi."

Hapo njo akatupatia shauri: twende kwa familia ya marehemu, tuwaeleze, pengine wako na kitu. Alipoondoka nami nikalishika lile shauri. Nikasema, "Twende kwa wale wakwe zake. Hata jioni hii."

Bibi yangu alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. "Na kinywa gani?"

"Na kinywa chako."

"Kile kilichokaa kimya watu wote wakiangalia? Wewe, muzee, unaweza kwenda?"

Sikuweza. Hakuna mutu wa kwetu angeweza. Ni kama kurudi kuomba kitu ulichokwisha kupa mutu mbele ya kanisa lote. Tungeonekana wezi wa yatima.

Basi akaanza kulipa. Alianza tena kutelemusha maharagi, lakini magoti haikuwa ile ya zamani, na njia nayo. Kila bariere kuko mutu mwenye bunduki anasema, "Mama, utuachie ya sabuni." Kwenye bariere ingine, "Mama, ya sigara." Alifika soko na nusu ya alichobeba. Siku moja alirudi akacheka peke yake mulangoni, nikauliza nini, akasema, "Hawa vijana wako na sabuni mingi sana, lakini mbona wananuka?" Tuliuza mbuzi. Tuliuza redio yangu, ambayo ilikuwa inashika stesheni moja tu na ile moja ilikuwa ya lugha nisiyoijua, lakini niliizoea. Vikapu vyangu havikuleta kitu, siku hizi watu wananunua bidoni za plastiki na kuzikata. Deni ikawa inapunguka kidogo wakati wa mavuno na kuongezeka wakati wa mvua. Kijana wa moto alikuja, akaenda. Mwishowe alikuja na mukubwa wake, mutu wa viatu safi, na yule hakunywa maji.

Shamba iliuzwa kwa mutu wa muji mwenye ng'ombe. Hatukumuona hata siku moja. Alituma mutu wake na vijana wa kupima, wakatembea juu ya ile mistari ya mawe, wengine wakaruka, mawe ikaporomoka. Maharagi yalikuwa yanatoa maua.

Bibi yangu akamuambia yule mutu, "Papa, tafazali, nipatieni musimu huu tu. Yakauke, nivune, nitoke."

"Mama, mimi ni mutu wa kutumwa. Na ng'ombe zimekwisha kutoka huko juu, ziko njiani."

Akaenda na kikapu akachuma majani ya maharagi. Tulikula majani ya maharagi asubuhi, tukakula majani ya maharagi jioni, mpaka nikaona ninageuka ng'ombe mwenyewe. Sikumuambia. Yale maharagi yenyewe ng'ombe zikala na maua yake. Sasa kuko miti ya kufunga na waya. Mateke ya chini zilikanyagwa, pale maji maji pamekuwa matope ya kwato.

Kijana wa kredi alituletea karatasi ya kusema tumemaliza. Alikuwa na haya, niliona, maana alikula kiazi bila kuketi. Kisha akasema alichotumwa kusema.

"Mama, ofisi inasema uko kliyenti muzuri. Ukitaka kredi ingine, wanaweza hata kuongeza."

"Na garanti nitaleta nini?" Bibi yangu akanionyesha kwa kidole. "Huyu?"

Kijana akaniangalia, akashindwa kujizuia, akacheka.

"Usicheke," akasema bibi yangu. "Umupime kwanza. Meno yamebaki ya mbele tu, lakini anakula kidogo."

Tulicheka wote watatu. Nadhani ilikuwa mara ya mwisho kumusikia bibi yangu akicheka namna ile, na tumbo lote.

Tangu pale analima kwa watu. Anatoka mapema, anapanda mulima kwenye shamba ya mwingine, na wakati wa mavuno wanamupa sehemu. Mimi miguu imenikataa, ninabaki kumenya mihogo na kuangalia moto. Kwenda kule anapita njia ndefu ya nyuma ya kanisa. Hajaniambia kwa nini na mimi sijauliza. Ile fupi inapita kando ya waya.

Sasa nifike kwa binti.

Watoto wa marehemu, baada ya kilio, wakwe waligawana: wadogo walichukuliwa na baba wadogo, kila mumoja kwake, na binti mukubwa alikwenda Omate kupikia wachimbaji. Hatukumuona muda mrefu. Kisha asubuhi moja, bibi yangu alikuwa bado hajatoka, binti akatokea kwenye kiwanja. Amekuwa mutu muzima. Mutoto mugongoni, jembe begani, jembe mupya, ule mupini bado mweupe. Akapiga magoti kusalimu, akakataa kiti.

Akasema kule Omate alikutana na mumoja wa wale wanawake watatu, yule wa Pinga, alikuja kuuza mikate. Yeye njo alimueleza yote: namna deni ya mama yake ilibaki, namna bibi yangu alilipa, namna shamba ilienda.

"Mama, kwa nini haukusema siku ile?"

"Ningesema nini, binti yangu? Mulikuwa kwenye udongo."

"Mama yangu aliacha mbuzi."

Bibi yangu akaweka chini kikapu.

"Alinunua mbuzi na ile kredi," binti akasema. "Alikuwa anazilisha kwa baba mukubwa, kule juu. Kabla hawajamubeba kwa kipoyi alinishika mukono, akaniambia, zile mbuzi ni za deni, usiache mutu aziguse, wenzangu watasema kwenye kilio na wewe utawaonyesha. Nilingoja museme. Mimi ni binti, pale siwezi kufungua kinywa mbele ya wakubwa. Nilikuangalia, Mama. Nilikuangalia ili usimame."

Mutoto mugongoni mwake alikuwa ananyonya kidole.

"Niliona unaniangalia," bibi yangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilizani unaniomba ninyamaze."

"Kesho yake waligawana mbuzi. Nilimuambia baba mukubwa, zile ni za deni. Akaniambia, tuliuliza mara mbili watu wote wakisikia, nani alidai? Akachinja moja ya kumaliza matanga. Na mimi nilikula."

Wakati shamba iliuzwa, bibi yangu hakulia. Wakati mawe yake yaliporomoka hakulia. Siku ile alilia, amesimama, mikono imelegea kando, hata hakufunika uso. Binti naye akaanza kulia, na mutoto akaanza, na mimi muzee mujinga nikaanza kuwaambia wakae, wakae, hapa kuko kiti.

Mwishowe binti akajipangusa na kikwembe. Akachukua jembe lake kutoka chini, akalisimamisha mbele yake.

"Mama, feza sina. Kule Omate wanatulipa chakula na maneno. Lakini niko na mikono. Nimekuja kukulimia. Mpaka musimu uishe, na ule mwingine pia. Nionyeshe tu pa kuanzia."

Bibi yangu akaangalia lile jembe, na ule mupini mupya. Kisha akaangalia upande wa kijito, upande ambao alikuwa amezoea kutouangalia.

"Utanilimia wapi, mwanangu?"

Binti alibaki amelishika jembe. Mimi niliingia ndani ya nyumba, nikajifanya ninatafuta kitu.